Kutoka Upagazi Hadi Ufundi: Karakana ya Ndege na Vijana wa Kariakoo

Wananchi wengi hulitaja jina la Kariakoo kila siku bila kukumbuka lilikotoka. Lilitokana na namna wenyeji walivyolitamka jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi, ambacho Waingereza walikipigisha kambi mahali hapo baada ya kuuteka mji wa Dar es Salaam mwezi Septemba, 1916. Wapagazi hao walikusanywa, wengi wao kwa nguvu, kutoka kila upande wa Afrika Mashariki. Walibeba risasi, unga na vitanda vya maofisa, na maelfu kwa maelfu yao walikufa kwa njaa na magonjwa katika vita ambavyo havikuwa vyao. Mpagazi aliujua uzito wa sanduku. Kilichokuwamo ndani ya sanduku hakikumhusu, na kama angelifungua angechapwa viboko.

Historia ya mahali hapo ina jambo jingine linalosahauliwa zaidi. Kabla ya vita Wajerumani walikuwa wamejenga hapo ukumbi mkubwa kwa ajili ya maonyesho yaliyopangwa kufanyika mwezi Agosti, 1914. Kwa ajili ya maonyesho hayo hayo rubani wa Kijerumani, Bruno Büchner, alifika Dar es Salaam na ndege yake. Vita vikazuka, maonyesho yakafa, ndege ikaingizwa vitani, na ukumbi ukaja kuwa kambi ya wapagazi na baadaye soko. Basi ndege na upagazi vilikutana katika kiwanja kimoja tangu mwanzo: juu alikuwapo Mzungu na mashine yake, chini alikuwapo Mwafrika na mzigo wake.

Makala haya yanahusu umbali uliokuwapo kati ya wawili hao. Kwa miaka zaidi ya sitini ya uhuru tumezoea kuupima umbali huo kwa kuhesabu ndege tunazomiliki na marubani tulio nao. Hicho ni kipimo pungufu. Kipimo kamili ni kuuliza nani anayeifungua injini, anayeona kilichoharibika, anayeirudisha mahali pake, kisha akatia saini kwamba chombo hiki kinafaa kuruka. Taifa linalomiliki ndege lakini halimiliki mkono huo bado limo katika kikosi cha wapagazi, ila mzigo wake umekuwa wa gharama zaidi.

MGAWANYO WA KAZI WA KIKOLONI

Usafiri wa ndege katika nchi zetu ulianza kama chombo cha kuitumikia dola ya Kiingereza. Mwaka 1929 kampuni ya Wilson Airways iliundwa Nairobi, ikawa inabeba barua na walowezi na kufika mpaka Dar es Salaam na Zanzibar. Mwaka 1937 ndege za majini za Imperial Airways zilianza kutua katika bandari za pwani, zikiwamo Mombasa, Dar es Salaam na Lindi, zikiwa njiani kwenda Durban. Tarehe 1 Januari, 1946 Shirika la Ndege la Afrika Mashariki likaanza kuruka, mali ya serikali za kikoloni za Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, likiwa na ndege ndogo za mbao na kitambaa zilizotengenezwa Uingereza.

Katika karakana za enzi hizo, kama ilivyokuwa katika reli na bandari, kazi ziligawanywa kwa rangi. Mzungu aliitwa mhandisi. Mhindi aliitwa fundi. Mwafrika aliosha vyuma kwa petroli, alisukuma ndege na kushika taa. Mwenzake wa barabarani alikuwa taniboi wa lori, ambaye angeweza kukaa na gari miaka kumi na tano, akalijua kila mlio wake, lakini siku linapofunguliwa anaambiwa akalete maji. Ukoloni haukumnyima Mwafrika ufundi kwa kusahau. Ulijua kwamba anayeweza kuitengeneza mashine anaweza pia kuisimamisha. Makuli wa bandari ya Dar es Salaam walipogoma mwaka 1947, mgomo ulipanda reli na kuingia bara, na serikali ikaona nini hutokea wafanyakazi wa usafirishaji wanapojitambua.

Mwalimu Nyerere alizoea kukumbusha kwamba Tanganyika ilipata uhuru ikiwa na wahandisi wawili tu waliosoma na madaktari kumi na wawili. Hao wawili hawakuwa wa ndege. Tusisahau pia kwamba Chuo cha Ufundi cha Dar es Salaam, pale Barabara ya Morogoro, mwendo mfupi kwa miguu kutoka Kariakoo, kilifunguliwa mwaka 1957, miaka minne tu kabla ya bendera ya mkoloni kushushwa.

EMBAKASI

Baada ya uhuru nchi tatu ziliendelea na Shirika moja, na Mkataba wa mwaka 1967 ukaanzisha Jumuiya ya Afrika Mashariki. Makao makuu ya taasisi za Jumuiya yaligawanywa: bandari zikaja Dar es Salaam, posta na simu zikaenda Kampala, makao ya Jumuiya yenyewe yakawekwa Arusha. Reli na ndege zilibaki Nairobi. Karakana kubwa ya ndege ilikuwa Embakasi, na ndege zilipohitaji kufunguliwa ndipo zilipokwenda. Mwaka 1971 kikafunguliwa chuo cha urubani na ufundi wa ndege huko Soroti, Uganda. Kwa maneno mengine, Mtanzania aliyetaka kuujua ufundi huu alilazimika kuvuka mpaka.

Wako waliovuka. Namfahamu mzee mmoja wa Mtaa wa Narung'ombe aliyekwenda Nairobi akiwa kijana wa miaka kumi na tisa, akapokewa kama mwanagenzi. Ananieleza kwamba miezi mitatu ya kwanza hakugusa ndege. Alipewa kipande cha chuma na tupa, akaambiwa akifanye kiwe mraba kamili. Akikipeleka, msimamizi anakipima na kukitupa kwenye pipa. Alikichonga, akakichonga tena, mpaka akaota ndoto za mraba. "Nilidhani wananidharau," aliniambia. "Baadaye nikafahamu kwamba walikuwa wananitoa uongo mikononi."

Kauli hiyo ya mzee ina uzito, na ajali ya mwaka 1972 inaonyesha kwa nini. Tarehe 18 Aprili mwaka huo ndege ya Shirika aina ya Super VC10, ikiwa safarini kutoka Nairobi kwenda London, ilikuwa inaanza kuruka kutoka Addis Ababa. Gurudumu la mbele lilipasuka baada ya kukanyaga kipande cha chuma kilichokuwa kwenye barabara ya kurukia. Rubani aliamua kusimama. Breki hazikushika kama ilivyotakiwa, ndege ikapita mwisho wa barabara, ikaporomoka na kuwaka moto. Kati ya watu 107 waliokuwamo walikufa 43. Uchunguzi ulionyesha kwamba nguvu ya breki ilipungua kwa sababu sehemu moja ya mfumo wake ilikuwa imefungwa vibaya ilipokuwa ikirudishwa mahali pake. Hapakuwa na hujuma wala dhoruba. Kazi moja ya mkono ilifanywa visivyo ndani ya karakana, na kosa likakaa kimya mpaka siku lilipohitaji kulipwa.

Nimeulizwa darasani kama habari hii haiwakatishi vijana tamaa. Jibu langu ni kwamba kijana anayekatishwa tamaa na habari hii asiende, na anayeisikia akakaa wima kwenye benchi ndiye tunayemtafuta.

Mwanzoni mwa mwaka 1977 Jumuiya ilivunjika. Sababu zake zinajulikana kwa wasomaji wa kurasa hizi, nami sitazirudia: tofauti za njia za uchumi, ugomvi wa mapato, mapinduzi ya Idi Amin ya mwaka 1971. Shirika la Ndege lilisimama, mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa mwezi Februari, na tarehe 11 Machi Tanzania ikaunda Shirika lake la Ndege, ATC. Mzee wa Narung'ombe alirudi nyumbani na sanduku la spana alilonunua kwa mshahara wake. Karakana ilibaki Embakasi.

Mali ya Jumuiya ilijadiliwa kwa miaka mingi chini ya msuluhishi kutoka Uswisi, Victor Umbricht, mpaka mkataba wa kuigawa ulipotiwa saini Arusha tarehe 14 Mei, 1984. Majengo yaligawanywa, madeni yaligawanywa. Lakini hakuna msuluhishi awezaye kugawa karakana yenye watu mia kadhaa wanaofahamiana kazi, wenye vitabu vyao, vipimo vyao na wazee wao wa kuwauliza. Karakana ya namna hiyo ni uhusiano kati ya watu, nao huwa wa yule aliyekaa nao. Kenya ilibaki na Embakasi, na shirika lake jipya likaanza likiwa na karakana. Sisi tulianza na wafanyakazi waliorejea mmoja mmoja.

NDEGE ILIYORUKA BILA SISI

Hapa nataka msomaji atulie kidogo, kwa sababu habari ifuatayo inafundisha zaidi ya hotuba nyingi.

Shirika la Afrika Mashariki lilipokufa lilikuwa na Super VC10 nne zilizobaki. Zilirudishwa Uingereza kwa watengenezaji wake. Jeshi la Anga la Uingereza likazichukua, likazifungua mpaka mifupa, na kuzigeuza kuwa ndege za kujazia wenzao mafuta angani. Moja yao ilikuwa na namba ya usajili ya Tanzania, 5H-MOG. Ilikuwa VC10 ya mwisho kabisa kutengenezwa duniani, nasi tuliipokea ikiwa mpya mwaka 1970. Ndege hiyo iliendelea kuruka mpaka mwezi Septemba, 2013.

Hebu tuhesabu. Sisi tuliitumia miaka saba. Wenzetu walikaa nayo zaidi ya miaka thelathini. Chuma kilikuwa kile kile na mbawa zile zile. Walikuwa na fedha zaidi, hilo hatulikatai, na mabeberu hawakuzitumia ndege hizo kwa kheri ya dunia. Lakini fedha peke yake haiiwezeshi ndege ya 1970 kuruka mwaka 2013. Kinachoiwezesha ni mafundi wanaokaa na mashine moja tangu ujana mpaka kustaafu, wakiwafundisha wanaokuja nyuma yao.

Upo mfano wa Kiafrika vilevile, usije mtu akasema kwamba jambo hili ni la Wazungu tu. Shirika la Ndege la Ethiopia lilianzishwa mwezi Desemba, 1945, likaruka kwa mara ya kwanza mwezi Aprili, 1946, miezi michache baada ya lile la Afrika Mashariki. Mashirika hayo ni ya umri mmoja. Waethiopia walianza kwa msaada wa kampuni ya Kimarekani ya TWA, na mikataba ilikuwa na mafundi na wasimamizi wa kigeni wengi. Lakini walijenga shule yao ya ufundi wa ndege Addis Ababa, na mwaka 1971 uongozi wa shirika ukashikwa na Mwethiopia. Nchi hiyo ilipita katika njaa, mapinduzi na vita vya ndani ambavyo sisi Mungu alituepushia, na serikali zake zilibadilika kwa damu. Karakana haikufungwa. Leo mashirika ya nchi nyingine za Afrika hupeleka ndege zao kutengenezwa huko, na vijana wao kusomeshwa huko.

KUTOKA ATC MPAKA MWAKA 2016

Ingekuwa dhuluma kusema kwamba ATC haikufanya kitu. Katika miaka michache Shirika lilikuwa na Boeing 737 mbili, pamoja na Fokker na Twin Otter zilizotua katika viwanja vya vumbi ambako basi lilichukua siku mbili kufika. Vijana walipelekwa nje kusoma. Katika jengo la ATC House, Mtaa wa Ohio, wananchi walipanga foleni ya tiketi wakilalamika, kama wateja wa kila shirika la umma walivyolalamika, lakini waliolalamika walikuwa na ndege ya kuilalamikia.

Kilichofuata ni historia ya kufikiri kwamba ufundi hununuliwa pamoja na mshirika. Katikati ya miaka ya 1990 tuliingia katika Alliance Air pamoja na Uganda na Shirika la Ndege la Afrika Kusini. Ikafa mwaka 2000. Mwezi Desemba, 2002 asilimia 49 ya Air Tanzania iliuzwa kwa Shirika hilo hilo la Afrika Kusini. Ndoa ikavunjika mwaka 2006. Kila mshirika alikuja na karakana yake nyumbani kwake. Kila aliyeondoka alirudi nayo, kwa maana haikuwahi kuja. Desemba, 2008 Mamlaka ya Usafiri wa Anga ililinyang'anya shirika cheti cha kuendesha ndege kwa mwezi mmoja hivi kwa sababu ya kutotimiza masharti. Kufikia mwaka 2011 shirika la Taifa lilitegemea ndege moja ndogo ya Dash 8. Fundi mwenye leseni asiyekuwa na ndege ya kushika leseni yake hulala, na leseni iliyolala hufa. Baadhi ya wazoefu walikwenda Ghuba na kwingineko kutafuta ndege za kushika. Tusiwalaumu haraka. Mkulima asiye na shamba huhama.

Mwezi Septemba, 2016 zilifika ndege mbili aina ya Q400, na kuanzia hapo ununuzi ukaenda kasi: Dreamliner mwezi Julai, 2018, kisha Airbus A220, ndege ya mizigo mwaka 2023, Boeing 737 MAX mwaka huo huo. Kufikia 2024 zilikuwa 16. Watu walikwenda uwanjani kuzipokea kwa ngoma. Mimi nilikuwapo siku moja na sioni haya kusema kwamba nilipiga makofi mpaka viganja vikauma.

Lakini mwaka 2022 baadhi ya A220 zilisimama chini kwa sababu ya injini zake, zilizotengenezwa na Pratt & Whitney ya Marekani. Mwenye haki aseme kweli: kasoro hiyo ilikuwa ya mtengenezaji, na mashirika mengine duniani yaliyonunua injini za aina hiyo yaliumia vilevile. Hata tungekuwa na mafundi mia mbili wenye leseni, wasingeweza kuumba injini mpya Kipawa. Pamoja na hayo, anayeifahamu mashine husoma mkataba kwa jicho jingine. Huuliza kabla ya kununua: injini ya akiba iko wapi, foleni ya karakana ni ya muda gani, nani analipa siku ndege ikisimama? Maswali haya hayatoki kwa mwanasheria peke yake wala kwa mwanasiasa. Hutoka kwa fundi aliyeitwa mezani. Taarifa ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu ya mwaka wa fedha 2022/23 ilionyesha hasara ya shilingi bilioni 56.64 kwa shirika.

Baadaye likaja jambo kubwa zaidi. Desemba, 2024 Tume ya Ulaya iliiweka Air Tanzania katika orodha ya mashirika yaliyozuiwa kuruka katika anga la nchi zake, na Juni, 2025 ikaipanua marufuku hiyo kwa mashirika yote yenye vyeti vya Tanzania. Miongoni mwa sababu zilizotajwa ni upungufu mkubwa wa watu wenye sifa na udhaifu wa usimamizi wa uzima wa ndege. Kuna wenzetu waliosema ni njama za mabeberu. Mimi ni mwalimu wa siasa, na kama kuna mtu anayependa kuwasema mabeberu ni mimi. Lakini kada asilifanye neno hilo blanketi la kufunika kila baridi. Tukiambiwa kwamba watu wenye sifa hawatoshi, kazi ya kwanza ni kuwahesabu. Anayehesabu akaona kweli wamepungua ana kazi ya pili, ambayo ndiyo iliyonifanya niandike.

GEREZANI

Niliendesha darasa la jioni kwa vijana wa kata za Kariakoo na Gerezani. Nikauliza: nani angependa kuwa rubani? Mikono yote ikapanda. Nani angependa kuwa fundi wa ndege? Kimya, kisha kicheko. Kijana mmoja akasema, "Mwalimu, kuchafuka tunachafuka hapa hapa, hakuna haja ya kwenda Kipawa."

Kicheko hicho kina historia. Ni kasumba ile ile ambayo Elimu ya Kujitegemea iliikemea mwezi Machi, 1967: kwamba aliyesoma ni yule mwenye kola nyeupe, na mwenye mafuta mikononi ni yule aliyeshindwa. Ubepari wa leo umeongeza chumvi yake. Soko la Kariakoo lenyewe, lile jengo la zege la miamvuli alilobuni Beda Amuli katika miaka ya 1970, msanifu wa Kitanzania aliyethibitisha kwamba kichwa cha Mwafrika kinaweza kubeba hesabu badala ya gunia, limezungukwa na maduka ambamo kijana hujifunza jambo moja tu, kununua kwa tano na kuuza kwa saba. Sikatai uchuuzi, unalisha mji. Lakini kila kipuri kinachouzwa Mtaa wa Msimbazi kimetengenezwa kwingine na kimefungwa ndani ya sanduku. Tumerudi kwenye sanduku lile.

Na hata hivyo ukitembea hatua mia chache kuingia Gerezani utakuta kinyume chake. Mafundi wa bati na vyuma, akina DASICO, wamekuwa wakikata mabati na kuyageuza majiko na masanduku kwa miaka mingi. Katika gereji bubu kijana ambaye hakumaliza kidato cha nne huweka bisibisi kwenye injini ya bodaboda, sikio lake kwenye mpini, akakuambia vali ipi imelegea. Kipaji hicho si kidogo. Injini iliyowarusha ndugu Wright kwa mara ya kwanza tarehe 17 Desemba, 1903 iliundwa na Charles Taylor, fundi wa duka lao la baiskeli, kwa muda wa wiki sita hivi. Dunia inawakumbuka Wright. Taylor hakuwa na mnara kwa miaka mingi, na hiyo nayo ni siasa.

Lakini tusiwadanganye vijana. Ufundi wa Gerezani na ufundi wa karakana ya ndege ni ndugu wanaogombana. Sifa kubwa ya fundi wa mtaani ni kubuni: boliti imekosekana, anachonga nyingine, mpira umekatika, anatia kipande cha tairi, gari linafika Mbagala na wote wanashukuru. Katika ndege, kubuni huko ni kosa la jinai. Kila boliti ina hati inayoonyesha ilikotoka. Inakazwa kwa spana yenye kipimo, kwa nguvu iliyoandikwa katika kitabu, wala si kwa hisia ya kiwiko. Kitabu hakikaririwi, kinafunguliwa kila mara hata na aliyefanya kazi hiyo mara mia. Spana zinahesabiwa asubuhi na jioni, na kila moja ina kivuli chake kilichochorwa ubaoni. Ikikosekana moja, ndege haitoki mpaka ionekane. Kazi ya usukani wa ndege inakaguliwa na mtu wa pili ambaye hakuifanya. Mwisho fundi anaandika alichofanya, anatia saini na namba ya leseni yake, na karatasi hiyo inatunzwa.

Kwa hiyo kijana wa gereji anakuja na nusu ya ufundi, nusu ngumu kufundishwa: sikio, jicho, uvumilivu wa kukaa na mashine inayokataa. Anachotakiwa kuongeza ni nidhamu ya maandishi, na kuacha fahari ya kubuni. Nimewaona walioweza. Nimewaona pia walioshindwa, nao hawakuwa wajinga. Walichukia tu kuandika.

Njia yenyewe ni ndefu, nayo ielezwe wazi. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, kilichoanzishwa mwaka 1975, kiko Mabibo, safari ya daladala moja kutoka Kariakoo, na kinafundisha uhandisi wa matengenezo ya ndege. Mlango wake ni Hisabati na Fizikia, pamoja na Kiingereza, kwa kuwa vitabu vyote vya watengenezaji vimeandikwa kwa lugha hiyo. Mimi ni mpenzi wa Kiswahili, lakini siku tutakapoandika kitabu cha injini kwa Kiswahili itakuwa ni kwa sababu tuna watu walioisoma kwa Kiingereza wakaielewa. Baada ya chuo leseni haiji siku hiyo hiyo. Kwa kanuni za kimataifa mwombaji awe na umri usiopungua miaka 18 na uzoefu wa kazi wa miaka minne, au miwili kama amehitimu mafunzo yaliyoidhinishwa, kisha afaulu mitihani ya Mamlaka. Halafu kila aina ya ndege ina mafunzo yake. Wa Q400 haendi moja kwa moja kwenye Dreamliner.

Hiyo miaka ya uzoefu ndiyo kikwazo kikubwa, kuliko hata ada. Mhitimu anatakiwa ashike ndege ili apate leseni, na wenye ndege wanataka mwenye leseni ndipo ashike. Nimemfahamu kijana aliyehitimu vizuri, akazunguka na bahasha miezi kumi na minane, akaishia kuuza simu. Hapa kumhamasisha kijana peke yake ni kumhadaa. Wenye karakana, za umma na za binafsi, wanatakiwa kupewa idadi ya wanagenzi wa kupokea kila mwaka, kama Embakasi ilivyompokea yule mzee na tupa yake. Kada anayekwenda kata kwa kata kuwaambia vijana wasome Fizikia, halafu akanyamaza kuhusu jambo hili mbele ya wakubwa, amefanya nusu ya kazi, tena ile nusu nyepesi.

Siku ya mwisho ya darasa nilimwomba mzee wa Narung'ombe aje na sanduku lake. Alilifungua mezani bila hotuba. Kila spana ilikuwa mahali pake, imepakwa mafuta, miaka zaidi ya arobaini baada ya Nairobi. Vijana wakamwamkia, wakasogea, wakaanza kuuliza hii ya nini, ile ya nini, tukachelewa kufunga ukumbi. Jumamosi iliyofuata kumi na mmoja walikwenda Mabibo kuuliza masharti. Watatu wameamua kujaribu. Mmoja ni msichana anayeuza vipuri vya pikipiki katika duka la baba yake mdogo hapo Gerezani. Alipata alama mbaya ya Fizikia kidato cha nne, naye sasa anarudia kama mtahiniwa wa kujitegemea. Baba yake mdogo alilalamika kwamba atapoteza muuzaji, kisha akalipa ada ya mtihani.